Bombers wa Flin Flon: Timu Iliyozaliwa Mgodini

Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana waliocheza hoki ya barafu magharibi mwa Kanada walikuwa na ugonjwa wao ambao hakuna daktari aliyeusomea. Waliuita homa ya Flin Flon. Dalili zilianza basi la timu lilipokaribia kuondoka kwenda kaskazini: mmoja anashikwa na tumbo, mwingine goti lake la zamani linaamka, wa tatu haonekani kabisa. Mbele yao kulikuwa na saa nyingi za barabara kupita misitu ya misonobari na maziwa yaliyoganda. Mwisho wa barabara hiyo ulikuwa mji wa wachimba madini, wenye ukumbi wa barafu uliojaa watu kama 2,000 na kikosi cha jezi za rangi ya damu ya mzee kilichoogopwa kuliko kingine chochote ligini. Kikosi hicho ni Flin Flon Bombers, timu ya vijana wa chini ya miaka 21.

Kuelewa kwa nini waliogopwa, inabidi kuanzia kwenye mwamba. Flin Flon uko kwenye mpaka wa majimbo ya Manitoba na Saskatchewan, zaidi ya kilomita 700 kutoka Winnipeg, na haukuwa mahali pa kujengwa mji. Mwaka 1915 mtafuta madini Tom Creighton alioneshwa mwamba wenye madini na David Collins, mwindaji wa asili ya Métis aliyeijua nchi ile. Creighton na wenzake walikuwa na riwaya waliyoikuta porini, The Sunless City, ambayo shujaa wake, Josiah Flintabbatey Flonatin, anazama ziwani kwa chombo cha chini ya maji na kugundua dunia iliyojaa dhahabu. Madini yao nayo yalikuwa chini ya ziwa, wakaupa mgodi jina la shujaa huyo kwa kulifupisha. Huenda hakuna mji mwingine duniani uliopata jina lake kwa njia hiyo, na hata sanamu ya Flintabbatey iliyosimamishwa mlangoni mwa mji mwaka 1962 ilisanifiwa na mchoraji mashuhuri wa katuni wa Marekani, Al Capp.

Fedha zilitoka kwa familia ya Whitney ya New York. Kampuni ya Hudson Bay Mining and Smelting ikaundwa, reli ikafika 1928, ziwa likakaushwa, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa shaba na zinki. Nyumba zilipandana juu ya mawe bila mpangilio. Mabomba ya majitaka hayakuweza kuchimbiwa kwenye mwamba, yakapitishwa juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu ya mbao, nayo masanduku hayo yakawa ndiyo njia za waendao kwa miguu. Moshi wa tanuru ulikuwa na salfa na uliwakaba watu koo. Anayefikiri kwamba ushupavu wa timu ile ulikuwa mbwembwe za makocha, na aanzie hapo.

Bombers wa kwanza waliundwa 1927, kabla hata shaba haijaanza kuyeyushwa. Walikuwa wanaume wazima, wengi wao wafanyakazi, na kwa miaka ishirini timu iliendelea kuwa ya watu wazima. Msimu wa 1937 hadi 1938 alichezea hapo kijana kutoka Melville, Saskatchewan, Sid Abel, ambaye baadaye akawa nahodha wa Detroit Red Wings na kuingizwa katika Jumba la Umaarufu la hoki. Utaratibu uliomleta mtu kama Abel katika mji kama ule ulikuwa rahisi: kampuni ilikuwa na kazi. Katika miaka ya Mdororo Mkuu wa uchumi, kijana aliyejua kuteleza vizuri na kukipiga kwa nguvu kisahani cha hoki alipata Flin Flon kitu ambacho miji mikubwa haikuweza kumpa, yaani mshahara wa uhakika.

Nisiipambe kampuni. Mwaka 1934 wafanyakazi wake waligoma, polisi wa serikali kuu wakaletwa, na mgomo ukavunjwa. Kampuni iliyogharimia hoki ndiyo iliyokuwa mwajiri, na kwa kiasi kikubwa ndiyo iliyokuwa mji wenyewe. Kwa maoni yangu, wakubwa wa mgodi walielewa vizuri kwamba watu walioshinda wiki nzima gizani, katika baridi inayoshuka hadi nyuzi 30 chini ya kuganda, walihitaji jambo la kuwakusanya Jumamosi usiku, tena lisilo mkutano wa chama cha wafanyakazi. Lakini kilichopandwa kwa hesabu ya mwajiri wakazi walikichukua kikawa chao, na kikakua hadi pale ambapo kampuni haikutarajia.

Mwaka 1948 Bombers waligeuzwa kuwa timu ya vijana na kuingia ligi ya Saskatchewan. Hoki ya vijana nchini Kanada ina utaratibu wake, ambao msomaji wa kwetu anaweza kuulinganisha na shule ya bweni isiyo na bweni. Mvulana wa miaka 16 au 17 anaondoka kwao, anapokewa na familia asiyoijua katika mji wa timu yake, anakula mezani kwao, anasoma au kufanya kazi mchana na kucheza jioni, mpaka afikishe umri wa kutoka. Klabu za kulipwa humtazama kwa miaka hiyo michache na kumchukua au kumwacha. Wengi huachwa.

Taji kubwa kuliko yote kwa vijana hao ni Kombe la Memorial, lililoanzishwa kuwakumbuka askari wa Kanada waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1957 Bombers, chini ya kocha Bobby Kirk na nahodha Ted Hampson, waliupita upande wote wa magharibi hadi fainali. Wapinzani wao walikuwa Canadiens wa Ottawa, watoto wa himaya ya Montreal Canadiens, klabu iliyokuwa ikitawala ligi kuu ya kulipwa, NHL. Aliyewasimamia ni Sam Pollock, na msaidizi wake Scotty Bowman, majina mawili ambayo yangekuja kuandika nusu ya historia ya mchezo huo. Kikosini walikuwa na mchezaji kama Ralph Backstrom, aliyeandaliwa tayari kwa NHL.

Kanuni za wakati ule ziliruhusu mabingwa wa mikoa kuongeza wachezaji wachache kutoka timu walizozitoa, na Bombers walimchukua Orland Kurtenbach wa Prince Albert, mtu ambaye mwaka 1970 alikuja kuwa nahodha wa kwanza wa Vancouver Canucks ndani ya NHL. Mfululizo ulianzia Flin Flon, ukahamia Regina, ukafika mchezo wa 7. Bombers walishinda. Mji wa watu wachache kuliko wanaojaza uwanja mmoja wa Toronto ulikuwa bingwa wa vijana wa Kanada nzima. Mwaka uliofuata Ottawa walirudi na kulitwaa kombe hilohilo, jambo linaloonesha ni kundi la namna gani lililofungwa na watoto wa mgodini.

Mwaka 1958 lilifunguliwa jengo jipya la barafu, Whitney Forum. Ndani yake ndimo ilimozaliwa homa niliyoitaja mwanzoni, na aliyeileta ni mmoja wa wachezaji wa 1957, Pat Ginnell, aliyerudi Flin Flon kuwa kocha katikati ya miaka ya 1960.

Ginnell alikuwa mkali mno. Vijana wake walipangiwa kazi za kampuni nusu ya siku na mazoezi nusu iliyobaki, na mazoezi yenyewe yalikuwa magumu kuliko mechi nyingi. Aliamini kwamba timu inayotoka mbali inaweza kushindwa kabla ya kisahani kuangushwa, ikiwa inajua kitakachowapata wachezaji wake kwenye kona za uwanja. Katika kutekeleza imani hiyo alikwenda mbali kupita kiasi. Siwezi kuandika historia ya Bombers wa Ginnell bila kusema kwamba vijana wa timu nyingine waliumizwa, na kwamba ukumbi mzima ulishangilia.

Lakini chini ya ubabe ule kulikuwa na ufundi ambao hoki ya vijana ilikuwa haijawahi kuuona mara nyingi, nao ulibebwa na wavulana wawili.

Wa kwanza alizaliwa hapohapo Agosti 1949, mtoto wa mchimba madini, na jina lake ni Bobby Clarke. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani nje ya uwanja, na tangu akiwa mvulana alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, ile inayomlazimu mtu kujidunga insulini kila siku ya maisha yake. Wa pili alitoka Riverton, kijiji kilichoko kando ya Ziwa Winnipeg. Reggie Leach ni Mwojibwe, mmoja wa jamii za wenyeji wa Kanada, aliyelelewa na babu na bibi yake katika umaskini, na aliyejifunza kuteleza kwa viatu vya kuazima. Alifika Flin Flon akiwa bado kijana mdogo, akawekwa upande wa kulia wa Clarke, na wawili hao wakawa jozi.

Msimu wa 1967 hadi 1968 Bombers walihamia ligi mpya ya Magharibi mwa Kanada. Takwimu za msimu huo bado zinashangaza: Leach alifunga mabao 87 katika mechi 59, na Clarke alimaliza na pointi 168, yaani mabao 51 na pasi za mabao 117. Kazi iligawanywa hivyo. Clarke anapokonya kisahani nyuma ya goli, haangalii, anakipeleka mahali ambapo anajua Leach atakuwepo, na kabla golikipa hajageuka kimeshapita. Leach alikuwa na shuti lililompa jina la Bunduki ya Riverton.

Hapa ndipo penye dhuluma ambayo, kwa mtazamo wangu, Kanada haijaizungumza vya kutosha. Ligi ile mpya ilikuwa imeanzishwa 1966 na watu wakaidi kama Bill Hunter wa Edmonton, waliochoka kuona wachezaji bora wa magharibi wakivutwa mashariki. Shirikisho la hoki la nchi liliwaona kuwa waasi, na waasi hawakuruhusiwa kuwania Kombe la Memorial. Bombers walikuwa mabingwa wa ligi hiyo 1969 na tena 1970. Miaka yote miwili kombe la taifa liligombewa bila wao: Montreal Junior Canadiens wakawafunga Regina Pats 1969, na Weyburn Red Wings 1970. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba Flin Flon wangewashinda Montreal, timu iliyokuwa na vipaji vya kutisha. Ila vijana wa Ginnell hawakupewa hata nafasi ya kushindwa.

Walichopata badala yake mwaka 1969 ni fainali ya waasi kwa waasi, dhidi ya Barons wa St. Thomas, mji wa Ontario uliokuwa katika ligi nyingine iliyojitenga. Mfululizo huo ulikuwa wa damu. Katika mchezo wa 4 Barons walitoka uwanjani na kukataa kuendelea, wakilalamikia ukatili wa wapinzani, na taji likabaki kwa Bombers. Mashariki walisoma habari hiyo kama uthibitisho kwamba kule kaskazini hoki ilikuwa vita. Watu wa Flin Flon waliisoma kwa namna nyingine: kwamba watu wa mashariki waliwazuia wasije, kisha wakakimbia walipofuatwa. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli.

Kiangazi cha mwaka huohuo klabu za NHL zilikutana kuchagua vijana wapya. Kwa takwimu zake Clarke alistahili kuitwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa, lakini kila klabu ilijua habari ya kisukari, na wengi waliamini kwamba mwili wa namna ile usingestahimili misimu ya mechi zaidi ya 70. Ginnell alilitambua tatizo hilo mapema. Alimpeleka Clarke Marekani, Mayo Clinic huko Minnesota, ambako madaktari walimpima na kusema kwamba anaweza kucheza hoki ya kulipwa ikiwa atajitunza. Kocha aliyewafundisha vijana kugonga bila huruma ndiye pia aliyehangaika na barua ya daktari kwa ajili ya mmoja wao, na ningependa akumbukwe kwa yote mawili.

Hata hivyo raundi nzima ya kwanza ilipita bila jina la Clarke kutajwa. Philadelphia Flyers wenyewe walimruka mara moja. Mtafuta vipaji wao, Gerry Melnyk, ndiye aliyewasihi wakubwa wake na kuwafanya wasikilize maneno ya madaktari, na Clarke akachukuliwa akiwa wa 17. Mwaka uliofuata Leach aliitwa wa tatu, na Boston Bruins.

Kilichofuata kinajulikana na kila mpenzi wa hoki. Clarke alikuwa nahodha wa Flyers akiwa na miaka 23, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu, 1973, 1975 na 1976, na akaiongoza Philadelphia kushinda Kombe la Stanley, taji la NHL, 1974 na 1975. Kabla ya ubingwa wa pili klabu ilimleta Leach, na pasi zilezile za Whitney Forum zikaanza kuonekana mbele ya watu 17,000. Msimu wa 1975 hadi 1976 Leach alifunga mabao 61, kisha mengine 19 katika mechi za mtoano, matano kati ya hayo katika mchezo mmoja dhidi ya Boston. Flyers walifungwa na Montreal kwenye fainali, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mtoano alipewa Leach, mchezaji wa kwanza asiye golikipa kuipata akiwa upande ulioshindwa.

Na upande wa giza nao ulisafiri pamoja nao. Septemba 1972, katika mechi kati ya Kanada na Umoja wa Kisovyeti huko Moscow, Clarke alimpiga Valeri Kharlamov kwa gongo kwenye kifundo cha mguu, naye Kharlamov, aliyekuwa tishio kubwa kuliko wote upande wake, hakuwa tena yule yule. Wakanada wengi wanalitetea pigo lile hadi leo. Mimi silitetei. Ninaloweza kusema ni kwamba mtu aliyekulia ndani ya Whitney Forum hakulijifunza Moscow. Leach naye alipigana kwa miaka na ulevi, akaacha pombe katikati ya miaka ya 1980, na tangu hapo amekuwa akizungumza wazi na vijana wa jamii za wenyeji kuhusu gharama aliyolipa.

Wakati majina yao yakiwaka Philadelphia, nyumbani mambo yalikuwa yakibana. Ligi ya waasi ilikwisha kupatana na shirikisho, ikakua, na ukuaji huo ukaanza kula miji midogo iliyoianzisha. Estevan walipoteza timu yao 1971, ikahamia New Westminster karibu na Vancouver. Swift Current walipoteza yao 1974, ikaenda Lethbridge. Flin Flon walikuwa mbali kuliko wote, gharama za mabasi zikiwa kubwa na viti vya kuuza vichache. Mwaka 1978 zamu yao ilifika, na nafasi ya Bombers katika ligi ikahamishiwa Edmonton. Haikudumu hata huko: mwaka mmoja baadaye ilikuwa Great Falls, Montana, kisha Spokane, na mwaka 1981 timu ikafa kabisa.

Vitabu vingi huishia hapo, na ndiyo sababu nimeona inafaa kuandika. Kilichouzwa Edmonton ilikuwa nafasi katika ratiba. Jina, jezi na jengo vilibaki mwambani. Wakazi waliendelea kuwa na timu ya vijana katika ngazi ya chini zaidi, na mwaka 1984 Bombers wakaingia ligi ya sasa ya Saskatchewan, SJHL, ambamo wangali wanacheza. Mwaka 1993 waliishinda. Klabu za kulipwa haziwatazami wachezaji wa ligi hii kama zamani, na ndoto ya wengi wao sasa ni kupata nafasi katika vyuo vikuu. Lakini ukumbi ni uleule, na katika mechi kubwa shabiki amewahi kurusha kwenye barafu mguu mzima wa paa mkubwa wa misitu ya kaskazini kusherehekea ushindi.

Barabara nazo ni zilezile. Aprili 6, 2018, basi la Humboldt Broncos, timu ya ligi hiyohiyo, liligongana na lori likielekea mechi ya mtoano Nipawin, na watu 16 wakafa, wengi wao wachezaji. Kila familia ya SJHL ilijua kwamba lingeweza kuwa basi lake, na Bombers ni miongoni mwa timu za ligi ile zinazokaa barabarani kwa muda mrefu zaidi.

Mgodi, uliowazaa wote, umekwisha. Tanuru la shaba lilizimwa 2010, baada ya miaka 80. Mgodi wa 777, wa mwisho chini ya mji, ulifungwa Juni 2022, na kampuni, ambayo sasa inaitwa Hudbay, imehamishia shughuli zake Snow Lake. Wakazi waliozidi 10,000 wakati Clarke akijifunza kuteleza wamebaki kama 5,000. Mwishoni mwa Mei 2025 hata hao waliamriwa kuondoka wote, moto wa msitu ulipoukaribia mji. Flin Flon ulinusurika. Denare Beach, kijiji jirani upande wa Saskatchewan, kilipoteza nyumba zaidi ya 200. Watu waliruhusiwa kurudi mwishoni mwa Juni.

Sasa hakuna kampuni ya kumpa kijana kazi ya nusu siku. Wanaokuja kuchezea Bombers wanatoka Manitoba, Saskatchewan, Alberta, wengine Marekani, na kinachowapokea ni familia zenye chumba cha ziada, wafanyabiashara wanaonunua matangazo ukutani, na wanaojitolea kuuza tiketi mlangoni. Kazi ambayo familia tajiri ya New York iliweza kuigharimia kwa faida ya mwaka mmoja wa shaba inafanywa na wastaafu, walimu na wauguzi, nao tayari wameifanya kwa miaka mingi kuliko ile ambayo Bombers walikaa katika ligi ambayo nafasi yao ilihamishiwa Edmonton.